Bahari ya Mwape

Jumatatu, 1 Julai 1974
Musonda amenishinda. Juzi alimwoza binti yake katika bustani ya wanyama, mbele ya simba! Lubumbashi nzima haina habari nyingine. Hata mkuu wangu wa ofisi ameniuliza kama simba alikuwa ameshiba. Mimi karani wa kampuni, miaka kumi na sita! Yeye kapita tu, msimamizi wa tanuru, na jirani yangu hapa mtaa wa Kenya, ukuta kwa ukuta. Haivumiliki.

Jioni, baa. Nikasimama nikatangaza kwamba binti yangu Mwape ataolewa na Chanda, fundi umeme, huko Moanda. Kando ya bahari! Musonda akasahau kumeza bia yake. Raha iliyoje!

Nyumbani mke wangu Kunda akauliza Moanda ni mbali kiasi gani. Nilikuwa nimeshapima kwenye ramani ya ofisini. Shubiri mbili. Si mbali.

Jumatano, 3 Julai
Nimepata njia! Mfanyakazi akienda konje, yaani likizo yake, kampuni humsafirisha bure hadi kijijini kwao, pamoja na mke na watoto. Kijiji changu ni Kasenga, kwenye mto Luapula. Vumbi na lori la samaki. Lakini mwaka huu tunajaza fomu upya, kwa sababu serikali imefuta majina ya Kizungu. Nilibatizwa Casimir, sasa ni Kapya, na hakuna aliyelia. Kama jina linabadilika, kijiji nacho kitakataa kwa nini? Nikaandika: Moanda.

Watoto: Mwape. Kisha Chanda, maana bwana harusi lazima afike. Kisha nikawaza. Harusi ambayo Musonda hakuiona ina faida gani? Nikamwandika naye. Mtoto wa kiume, miaka mitano. Muhuri nikapiga mwenyewe. Karani ni karani!

Jumanne, 9 Julai
Pigo dogo. Dispanseri imewaita watoto wote wa wafanyakazi walio chini ya miaka sita, wapimwe uzito na kuchanjwa. Musonda akaitwa kwa jina, katikati ya zamu, mbele ya watu wake wa tanuru. Akaenda mbio, akidhani wameona ugonjwa wa moyo. Muuguzi akamwonyesha mizani ya watoto.

Alikuja kwangu, masharubu yake yenye mvi yakitetemeka, akauliza mimi nimekuwa baba yake tangu lini. Nikamweleza. Ndege. Bahari. Bure. Akasema atafikiri, akaondoka akisugua mkono. Walikuwa wamekwisha kumchanja.

Alhamisi, 11 Julai
Maafa! Mwansa ameingia na lori lake la samaki kutoka Kasenga. Ni kaka wa Kunda, mjomba wa Mwape, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Asipomtoa bibi harusi kwa mkono wake, hakuna harusi. Nikamwonyesha nakala ya fomu ili ashangae. Alishangaa.

“Shemeji, Mwape anaolewa na ndugu yake? Na we uko muntu wa Moanda? Basi dada yangu aliolewa na nani?”

Nikasema ni karatasi tu. Akasema muhuri ni muhuri, na kwamba tangu nimwoe dada yake sijasifia kitu kingine ila muhuri huo. Akatamka kwamba hamtoi Mwape, harusi imekufa. Mwape akajifungia chumbani. Nilimsikia akilia nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu simba yule nikaona aibu. Ninampenda huyu mtoto kuliko bahari zote.

Ijumaa, 12 Julai
Hukumu ya Mwansa. Nitoe jogoo mweupe wa faini. Chanda afutwe kwenye fomu, kwa kuwa yeye ni mtoto wa baba yake. Na harusi ifanyike Kasenga, ambako nitasimama mbele ya watu niseme kwetu ni wapi. Nikamfuta Chanda hapohapo. Musonda hakutajwa, nikamwacha.

Lakini mimi si mtu wa kupiga magoti bure! Nikatoa sharti langu: iwe mchangani, kando ya maji. Mwansa akasema Kasenga hakuna mahali pengine. Ushindi!

Jumapili, 21 Julai, Kasenga
Harusi ya karne! Wageni arobaini juu ya lori la samaki, na kila abakosti, suti yetu mpya isiyo na tai, inanuka samaki. Mchanga mweupe. Maji mapana, ng'ambo ni Zambia. Nchi ya kigeni! Simba wa Musonda alikuwa akitazama nini? Vyuma.

Nilikuwa na hotuba ya kurasa saba. Mwape alipotoka mkononi mwa mjomba wake, akicheka, nikalia hadi miwani ikaanguka mtoni. Niliweza sentensi moja tu, kwamba mimi ni wa Kasenga. Vigelegele! Bibi mmoja mzee akasema hakuna aliyewahi kubisha.

Musonda alikula samaki wanne, akacheza na viatu mkononi, akakiri mwenyewe kwamba simba wake alilala muda wote. Nikamwambia nilipanga hivi tangu mwanzo. Nikifikiri vizuri, ni kweli.

Ijumaa, 26 Julai
Barua! Konje imekubaliwa. Ndege hadi Moanda, mimi, mke na watoto wote walioandikwa. Nikakata shauri kwenda kwa mkuu na kuungama. Kweli kabisa. Mlangoni pa ofisi nikamkuta Musonda, kofia mpya ya jua kichwani. Akaivua.

“Baba, siku gani tunaenda?”

Baba! Mbele ya foleni nzima! Miaka kumi na sita nimeungoja mchana huu. Nikageuka nikarudi mezani kwangu.

Harusi imekwisha, lakini bahari ingali palepale. Na Mwansa, maskini, hajawahi kupanda ndege. Nimemwongeza kwenye fomu, pacha wa Musonda. Nimesahau tu kumwambia habari za chanjo.