Kishikio cha Kikombe na Safari ya Abruzzo

Jumatatu, 11 Februari

Theluji hadi magotini. Mwaka wa pili Michigan, nami niliahidi miezi sita! Fiorenza kapiga simu kutoka Atessa, kwetu Italia. Kasema atanisubiri hadi Pasaka hii, si hadi ufufuo wa wafu wote. Kakata. Nimebaki na simu mkononi hadi kahawa ikapoa. Ninamtamani hadi mbavu zinauma.

Ila Mungu si Athumani. Bosi wetu, Bi. Darlene, katangaza kwamba gari letu la mizigo la Kiitaliano limebakiza mambo manne tu kabla ya kuuzwa Marekani. Orodha inafungwa Ijumaa. Jambo litakaloshindikana hapa, mwenye nalo atapanda ndege akalirekebishe kiwandani, Abruzzo. Kiwandani! Fiorenza yuko idara ya milango, hatua arobaini kutoka lango kuu. Mimi nimepewa kishikio cha kikombe, yaani mahali pa dereva kuweka kikombe chake. Lazima kishindikane.

Jumanne, 12 Februari

Sikukuu ya paczki. Ofisi nzima inakula maandazi ya Kipolandi yaliyojaa jemu kabla ya Kwaresima. Gary Wojcik kaleta dazeni tatu ili apendwe. Yeye ana milango ya nyuma. Kwetu hufunguka kiasi, huku wanataka ilale kabisa ubavuni mwa gari. Kajisifu kwamba amekaribia kumaliza. Juha! Anamaliza kazi!

Kwetu dereva hunywa kahawa amesimama kaunta, kisha anaondoka. Huku anatembea na kikombe kama ndoo. Nimenunua kikubwa kuliko vyote kituo cha mafuta, nikachora kishikio cha kukipokea. Hakiingii mpaka kiwanda kitengeneze dashibodi upya. Safi! Nimekula paczki sita kujipongeza. Tumbo linauma.

Alhamisi, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Nimemwandikia Fiorenza kwamba naja. Hajajibu.

Mchana nimejificha nyuma ya gari la majaribio lililoletwa kutoka kwetu wiki iliyopita. Milango yake imepita mikononi mwa Fiorenza. Nikaufunga mmoja, nikaufungua, nikaufunga tena. Machozi yakanitoka, sioni haya kuandika. Gary akapita, akauliza, "Vipi mzee, mlango una tatizo?" Ningesema nini? Nikamwambia unakwama vibaya sana. Nilitaka pia kumtia doa kidogo. Akaandika kwenye daftari lake, uso umemshuka. Raha!

Ijumaa, 15 Februari

Balaa! Wameletwa madereva wawili wa kusambaza vifurushi kulijaribu gari. Wakatumbukiza ndoo zao kwenye kishikio changu cha mfano, nilichokibandika juu ya dashibodi kuonyesha tu kwamba hakifai. Mmoja nusura alie. Akasema, "Hapo sasa! Aliyebuni hiki apewe mkono, jamani!" Bi. Darlene kaamua kitafungwa kwa skrubu papo hapo kilipo, hapa hapa Michigan, na mimi nitakisimamia. Miaka miwili mingine! Wakanipigia makofi. Nikainama kama bwana harusi.

Na milango? Gary kasema aliamini ameimaliza, lakini mtu wa kule kule amethibitisha kwamba inakwama. Bi. Darlene kanishukuru kwa ukweli wangu. Gary anaondoka kesho. Idara ya milango. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumatano, 20 Februari

Fiorenza kapiga. Kasema Gary ni mpole, na milango haikwami wala haijawahi kukwama. Gary kamwambia ni nani aliyesema inakwama. Akacheka sana. Kisha akauliza, "We Ottavio, kwani huko hawana likizo?"

Nimekwenda kuuliza. Bi. Darlene katazama kompyuta. Nina siku ishirini na sita! Akashangaa, "Mbona hujawahi kuomba, Bwana Ottavio? Nenda hata kesho." Hata kesho! Lakini hapa hakuna anayeomba likizo. Wote huziacha zikaoza, na mimi niliona aibu kuanza.

Alhamisi, 21 Februari

Fomu ya likizo iko mezani. Kuna mstari wa sababu. Nimeandika: Fiorenza. Nimefuta.

Anayetumwa na kampuni hupokelewa langoni. Anayejipeleka anaweza kurudishwa. Akinikataa nikiwa kazini, nitasema nilikuja kwa ajili ya kazi. Akinikataa nikiwa likizoni, nitasema nilikuja kwa ajili ya nini? Naogopa. Hilo naliandika humu tu.

Jioni umeingia ujumbe wake: "Njoo hata bila sababu." Nimeusoma mara tisa. Mwanamke mwema, lakini mambo ya kiofisi hayajui.

Nimeirudisha fomu ikiwa tupu. Kisha nimekwenda kuisikiliza honi ya gari letu kwa makini. Kwa sikio la Mmarekani ni nyembamba mno! Aibu kubwa barabarani! Na honi hairekebishiki popote ila kiwandani. Nimemwandikia Bi. Darlene kurasa nne.