Filamu ya Shamba la Mutinda

Filamu kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa hapa Masii ilipigwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Dairekta wake alikuwa jirani yangu Mutinda. Mimi pia nimo, safu ya pili, naonekana mgongo.

Mutinda ni mtu wa maneno. Aliwahi kufanya kazi kiwandani Athi River, na tangu arudi hakuna jambo asilolijua isipokuwa jembe. Kwetu tuna mwethya: leo sisi sote kwako, kesho sisi sote kwangu, mpaka shamba la kila mtu lilimwe. Unakuja na jembe lako, mwenye shamba anapika. Mutinda alipoitwa kwangu, mgongo ulikuwa unamuuma. Alipoitwa kwa mama Nzisa, mwenyekiti wetu, mgongo ulipona lakini goti likashikwa. Siku tuliyomlimia mjane Munyiva alituma salamu, na salamu hazijawahi kung'oa gugu. Mama Nzisa akamtoa kwenye kikundi.

Oktoba ikaingia. Mawingu yakaanza kujikusanya, na shamba la Mutinda bado lilikuwa na mabua ya mwaka jana. Mkewe, Wayua, hakupiga kelele. Alikunja nguo za watoto akaziweka juu ya sanduku, mahali pa kuonekana.

"Baba Ndanu," akamwambia, "msimu uliopita tulinunua mahindi soko ya Tala kama watu wa mjini. Mvua ikipata hii shamba haijalimwa, mimi naenda kwa mama na watoto. Wewe utabaki ukikula maneno."

Hilo lilimwingia. Mtu mwingine angechukua jembe. Mutinda akachukua simu.

Jumapili baada ya misa akatangaza kwamba anatengeneza filamu kuhusu maisha ya mkulima, itakayotazamwa mpaka ng'ambo, na anahitaji waigizaji wengi. Kila mmoja aje na jembe lake, eti ndiyo mavazi ya filamu. Tukatazamana. Hata mtoto wa nasari angejua kinachopikwa. Lakini mama Nzisa akasema, "Tutakuja," kisha akatabasamu, na mama Nzisa si mtu wa kutabasamu bure.

Tukafika. Mutinda alikuwa amevaa miwani nyeusi na skafu, katika jua lile.

"Sini ya kwanza," akasema. "Mnalima kuanzia hapa mpaka kwa ua. Shamba yote, msiache kitu."

Mama Nzisa akainua mkono. "Dairekta, ngoja kidogo. Tunalima ama tunaigiza kulima?"

Mutinda akapiga hesabu. Akisema tunalima, huo ni mwethya, na mwethya hana.

"Mnaigiza, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Lakini muigize kabisa, jembe iingie ndani."

"Kwa sinema, mtu akipigwa risasi anakufanga?"

"Hapana."

"Sawa basi."

Akageuka, akaanzisha wimbo. Tukainua majembe juu, tukayashusha kwa nguvu zetu zote, na yakasimama kidole kimoja kabla ya udongo. Juu tena, chini tena. Tuliguna. Tulijifuta jasho ambalo halikuwepo. Festus, fundi wa baiskeli, alishika kiuno akalia kwa uchungu mpaka nikamwamini. Tulilima shamba lote, mwanzo mpaka mwisho, bila kumsumbua mchwa hata mmoja.

"Teremsheni kidogo tu," Mutinda akaomba.

"Dairekta, usiongee, unaharibu sini," Festus akamjibu.

Kisha ikaja sini ya pili, ya chakula. Wayua alikuwa amechinja kuku watatu na kupika sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwa sababu mume alimwahidi kwamba jioni shamba litakuwa tayari.

"Na hapa pia mnaigiza?" Mutinda akauliza kwa matumaini.

"Hapa hapana," mama Nzisa akasema, akijipakulia paja. "Kukula kwa uwongo inaonekana kwa kamera."

Tulikuwa tunalamba vidole tone la kwanza lilipoanguka. Mutinda akalitazama shamba, kisha akautazama mlango. Wayua alikuwa amesimama pale, nguo za watoto mikononi. Sitadanganya, nilimhurumia Mutinda.

"Mwaitu," akasema polepole, "nisaidieni. Saa hii sio filamu."

Mama Nzisa akajipangusa mikono, akamnyang'anya simu, akampa jembe lake mwenyewe.

"Filamu bila steringi nani ataangalia? Ingia."

Akaingia, na skafu yake. Jembe la kwanza likazama kwenye udongo. Sisi tukajipanga barazani, mahali pakavu, tukawa madairekta.

"Kata," Festus akapaza sauti. "Rudia, uso haikuonekana."

Hakuwa amefika mbali mgongo ulipoanza kumuuma, safari hii kwa kweli. Akajinyoosha, maji yakimchirizika kwenye miwani.

"Mama Nzisa, hii sini inaisha saa ngapi?"

Mama Nzisa akamtazama Wayua. Wayua alikuwa ameketi, nguo zimelala mapajani, bado hajaamua.

"Ukifika kwa ua," mama Nzisa akamjibu.

Simu yenyewe ilikuwa imezima tangu sini ya kuku, chaji imekwisha. Lakini nani angethubutu kumvunja steringi moyo?