Maziwa Yaliyoishi Dakika Kumi

Siku Andati, mchuuzi wa vinywaji, alipochungulia dirisha la ukumbi wa mtaa wa Shauri Moyo, mwaka wa sabini na nane, na kuona wanaume ishirini wakiinua mikebe iliyojazwa saruji, alifurahi kama mtu aliyekuta mlango wa jirani wazi. Mwanamume anayetaka kifua kikubwa kabla ya Jumapili huamini chochote.

Jumapili hiyo kulikuwa na mashindano ya misuli kule Jericho. Mchuuzi ambaye angepewa meza ya kuuzia vinywaji huko angejulikana mitaa yote. Andati alikuwa amekwisha kufukuzwa Kaloleni na Makongeni kwa ujanja wake, na alikuwa amechoka kuhama na sufuria kichwani. Meza ile aliitaka kuliko mke.

Kesho yake alikuja na birika na unga wake: maziwa ya unga, njugu zilizosagwa, na kakao kidogo ya kuficha njugu. Akayaita Maziwa ya Misuli.

"Sikilizeni, wakubwa," alisema, akiinua mkono wenye saa. "Yakishakorogwa, haya yanaishi dakika kumi tu. Ya kumi na moja, nguvu imekwenda zake. Unakunywa maiti."

Ujanja haukuwa katika unga, ulikuwa katika maji. Alikoroga kwa maji yanayotokota, ndani ya vikombe vya bati vinavyounguza midomo. Aliyeomba maji baridi aliambiwa baridi inaua kwa dakika mbili. Ndung'u, fundi wa masanduku ya chuma, alizoea kushika chuma cha moto, lakini ulimi wake ulikuwa kama wa watu wengine. Alipuliza, akapuliza.

"Saa imefika!" Andati akamnyang'anya kikombe.

"Bwana, nimeonja tu!"

"Pole sana, kaka. Yameaga dunia. Nikukorogee mengine?"

Ndung'u akalipa tena. Walter wa reli, nahodha wao na mwenye kuigawa meza ya Jericho, alilipa mara tatu, akaenda nyumbani na ulimi uliobabuka na imani kamili.

Langoni aliketi Phelister, muuza ndizi, mwanamke asiye na maneno mengi.

"Hayo yaliyokufa unayapeleka wapi?" aliuliza.

"Mtaroni."

"Nipe mimi. Dada yangu anafuga nguruwe Njiru."

"Chukua, mama," Andati alisema, maana alipenda kuonekana mkarimu. "Nguruwe hawana mashindano."

Kila jioni Phelister aliondoka na debe zima.

Alhamisi wanywaji walipungua. Ijumaa hakuja hata mmoja. Andati alitoka nje, akawakuta wote langoni wamemzunguka Phelister, wakinywa kitu kizito, baridi, kichachu kama mtindi, kutoka kwenye kibuyu. Ndung'u alikuwa na masharubu ya kahawia. Andati akanusa. Njugu. Kakao.

"Temeni!" alipiga kelele. "Hiyo ni maiti! Mimi mwenyewe nilitangaza kifo chake!"

"Ni kweli yalikufa," Phelister alisema bila kuinua macho. "Jumatano. Leo ni siku ya tatu."

Wanaume wale walikuwa watu wa kanisa, wa makanisa mbalimbali, na mengi walibishania, lakini si siku ya tatu.

"Ni maziwa yangu!" Andati alifoka.

Walter akatua kikombe polepole. "Ngoja kwanza. Kama ni yako na yanafaa, basi hayakufa. Na kama hayakufa, kuna vikombe vyangu vitatu ulivyoninyang'anya."

"Vyangu saba," alisema Ndung'u, aliyekuwa akihesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe vilikuwa vinene.

"Sema, bwana," Walter alisema. "Yalikufa au hayakufa?"

Andati aliwatazama. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mikebe ile ya saruji ilikuwa imefanya kazi yake.

"Yalikufa," alisema kwa sauti ndogo. "Yalikufa kabisa."

"Haya. Aliyeyafufua ndiye mwenye meza ya Jericho," Walter aliamua, na wenzake wakarudi ndani kuinua saruji.

Phelister alifuta mdomo wa kibuyu kwa kanga.

"Kaka Andati," alisema, "hesabu mwenyewe. Ili yawe tayari Jumapili, lazima yafe leo. Nahitaji madebe matatu, na mshahara wako ni ndizi na sehemu ndogo ya meza, kule nyuma. Unaweza?"

Andati alifikiria Kaloleni. Alifikiria Makongeni, na sufuria kichwani.

"Birika limeshachemka, mama," alijibu.

Akakoroga debe la kwanza, akasimama kando yake na saa mkononi, akingoja life.