Redio Iliyobaki Ikilinda Nyumba

Jumapili, 22 Desemba 1974

Kesho tunakwenda Itumbe kwa mama mkwe, likizo nzima ya Krismasi. Hapa Nyanchwa wezi hawana likizo. Nimepata dawa: redio ibaki ikisema! Mwizi akisikia taarifa ya habari atajua watu wamo.

Waya wake nimeuvuta kutoka kwenye taa ya darini, palepale ninapochomekea pasi. Ulikuwa mfupi. Nimeuunga kwa waya mwingine na kufunga kwa plasta ya vidonda. Mume wangu Zachariah aliuliza nani ameunga. Nikasema fundi. Mtu akijifanyia kazi mwenyewe si ni fundi?

Jirani yangu Mong'ina alikuwa akinichungulia kupitia ua wa michongoma. Hana stima, maskini. Tangu nipewe kazi ya kupiga pasi majoho ya kwaya, kwa sababu pasi ya stima haimwagi majivu kama yake ya makaa, amekuwa mpole kupita kiasi. Namwangalia tu.

Jumapili, 29 Desemba

Tumerudi. Zachariah amebaki stendi akitafuta mkokoteni wa ndizi, nikatangulia.

Kimya! Redio haisemi. Mlango mzima, kufuli zima. Nikafungua kisanduku cha stima, kile cha mbao pale barazani. Swichi kubwa imezimwa! Na matopeni, nyayo za gambuti kutoka kwenye ua wa michongoma. Gambuti za Mong'ina, nani mwingine? Wivu huo! Nikaona nitampeleka mbele ya wazee wa kanisa.

Nikawasha.

Redio ikakohoa. Harufu ya mpira unaoungua. Halafu cheche za buluu pale nilipofunga plasta, na moshi! Nikainua macho. Dari lina doa jeusi pana kama sinia. Plasta imeyeyuka, imedondokea kitambaa changu cha kufuma na kukitoboa. Nikapiga ukemi, nikasahau hata kukimbia.

Mong'ina akapita katikati ya miiba, akazima.

Akasema, "Mama Nyanchama, nilizima Jumanne. Moshi ulikuwa unatoka darini. Mbona umewasha tena?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa najaribu. Alikuwa anavuja damu mkononi. Sikumkaribisha hata kiti. Nilikuwa na haraka ya kuficha.

Jumatatu, 30 Desemba

Nimemwambia Zachariah stima imekatika mtaa mzima. Akatazama nje. Kwa Onsongo, fundi wa stima, taa zinawaka kila dirisha. Nikasema fundi hakosi njia zake.

Doa nimelifunika kwa kalenda, nimeibandika darini kwa uji wa unga. Zachariah aliuliza nani atasoma tarehe akiwa amelala chali. Nikasema ndiyo mtindo wa Nairobi.

Wakati wa chakula mtindo wa Nairobi ukaanguka ndani ya mboga ya chinsaga.

Akainua taa ya mafuta, akatazama dari, akatazama waya. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema polepole, "Bathsheba, mama nilitaka aje nasi, atibiwe mguu. Angelala hapa, chini ya dari hii."

Nikarudisha tonge sahanini. Mama yule anatembea kwa fimbo. Hata mlango asingeufikia. Nimelia kidogo, huku nachambua kalenda kutoka kwenye mboga.

Alhamisi, 2 Januari 1975

Onsongo amekuja. Ameng'oa waya wote, akaushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akauliza ni fundi gani huyu. Zachariah akanitazama. Nikapata kikohozi.

Soketi ya ukutani itawekwa wiki ijayo. Mpaka hapo hakuna pasi. Na majoho ya kwaya yanatakiwa kabla ya Sabato! Nimewaza kuyalalia chini ya godoro. Nimejaribu moja. Limetoka na alama za chaga.

Ijumaa, 3 Januari

Nimemeza aibu, nikaenda kwa Mong'ina na majoho kichwani. Nilitarajia anifanye nisimame kidogo mlangoni. Akasema ingia, makaa yameshika moto. Yeye kola, mimi mikono. Jua halijazama tukamaliza. Hakuna hata chembe ya jivu! Akaniambia kwamba wiki ile yote alikuwa akija kunusa madirisha yetu, asubuhi na jioni, isije ikawa moto umejificha. Nikaangalia ukutani.

Jumapili, 5 Januari

Jana kanisani nilikaa kwenye miiba. Nilijua atawaambia akina mama wote. Tryphosa wa kwaya akasifu majoho. Mong'ina akasema kazi ya Mama Nyanchama hiyo. Basi! Hakuongeza neno. Iliniuma kuliko kusengenywa.

Usiku sikupata usingizi. Mtu ameokoa nyumba yangu, naye anakaa gizani! Lazima nimshukuru, na asante ya mdomo haitoshi. Nimeamua: nitamvutia stima kutoka kwangu. Onsongo wa nini? Ni kuupitisha waya juu ya michongoma tu, kisha ndani kwa dirisha la jikoni. Nimeshapima kwa kamba ya kuanikia nguo.

Mong'ina aliniuliza napima nini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, namtengenezea jambo la kumshangaza.

Amesema usiku wa leo atalala na gambuti miguuni.