Ukuta wa Seli Hausemi

Jumatatu, 3 Juni
Sijawahi kumwambia mtu: nilijiunga na klabu ya biolojia kwa sababu maabara ndicho chumba pekee shuleni ambamo ukikaa kimya unaonekana una akili. Leo amani hiyo imekwisha. Mwalimu wetu ametangaza kwamba siku ya wazazi tutaigiza seli ya mnyama jukwaani. Kila mmoja atakuwa sehemu ya seli na ataeleza kazi yake kwa sauti. Asiyeshiriki atatoka klabuni. Mara ya mwisho niliposoma tangazo mbele ya watu, fundi alikuja kukagua nyaya za kipaza sauti.

Nimefungua kitabu. Nimepata! Seli ya mmea ina ukuta, na ukuta si hai. Kisicho hai hakisemi.

Jumanne, 4 Juni
Nilimnong'oneza jirani yangu wa dawati, tunayemwita Redio, apendekeze seli ya mmea. Akapendekeza kama wazo lake. Mwalimu akamsifu. Nikaomba kuwa ukuta, nikatoa hoja yangu. Akasema ni hoja ya kisayansi. Nitasimama tu.

Kiranja wa darasa amejichagua kuwa kiini. Anasema kiini hutoa amri, sisi wengine ni watumishi. Akaniambia, "Ukuta unakufaa, bubu wee. Hata nzi akikutulia puani hutasema."

Nimenyamaza. Ndiyo kazi yenyewe.

Alhamisi, 6 Juni
Mjomba ni seremala. Nilimwomba ukuta wa maboksi. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, "Mpwa wangu, ukuta wa karatasi ni pazia." Ametengeneza wa mbao, pande nne, na bawaba. Nilipomweleza kwamba ukuta wa seli una vitundu vya kupitishia vitu, alitoboa vya kupita ngumi. Mimi nitafungwa mikanda kwenye kona, kichwa kikichungulia juu.

Mama ameuona. Amewaalika mama wadogo wote.

Ijumaa, 7 Juni
Mazoezi. Vakuoli, ghala la maji la seli, ni Tangi, mkubwa kuliko sote. Amevaa tyubu za matairi ya lori. Zitajazwa upepo kwa pampu ili wazazi waone vakuoli ikijaa maji. Anayepampu ni mitokondria, kwa kuwa mitokondria hutoa nguvu. Tulifanyia uwanjani bila ukuta, maana ni mzito mno kubebwa mara mbili. Ilipendeza sana.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi ulijaa. Mama na wadogo zake safu ya mbele. Kloroplasti, mwenye koti la kijani, akaeleza anavyotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari. Ribosomu wakaeleza wanavyounda protini. Mitokondria akaanza kupampu. Ni mtoto wa makanika. Kazi anaipenda.

Ndani ya ukuta nafasi ikaanza kuisha. Kiini alikuwa amefika "mimi ndiye ninayetawala" tyubu zilipomsukuma hadi pembeni. Sentensi ikamalizikia kwenye kitundu, midomo nje. Mwalimu akapiga makofi, kwani ndivyo hasa: vakuoli ikijaa, kiini husukumwa pembeni. Wazazi nao wakapiga. Mitokondria akadhani anashangiliwa yeye. Akaongeza kasi.

Ubao ukalia. Nikanong'ona aache. Hakusikia. Bawaba ikaruka. Nami nimefungwa! Ndipo nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo: vakuoli ikijaa inasukuma ukuta, ukuta nao unaisukuma, ndiyo maana mche hausinyai, lakini kila kitu kina kiasi, acha hiyo pampu, mitokondria wee!

Pampu ikaachwa. Ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Mama akawa anamwambia kila aliye karibu, "Ule ukuta ni wangu. Nimeuzaa mwenyewe."

Jumatatu, 10 Juni
Mwalimu amesema hajawahi kusikia mtu akieleza shinikizo la maji vile, kwa moyo vile. Amenichagua niwe msemaji wa shule kwenye mashindano ya sayansi. Kiranja haongei nami. Haongei na yeyote, midomo imevimba. Redio anasema sasa nimejionea kwamba kusema hakuui.

Redio si mwanasayansi. Tukio moja halithibitishi kitu.

Baada ya kengele nilimwendea mwalimu. Nikamweleza kwamba kwenye jani, kati ya seli na seli, kuna nafasi zenye hewa tu, na ni aibu kwa shule kuzisahau. Niko tayari kuwa nafasi. Akasema vizuri, ila nafasi nayo itaeleza kazi yake.

Nikaenda maktaba. Nikaazima kitabu kinene kuliko vyote kuhusu hewa, nikakaa kutafuta ukurasa unaothibitisha kwamba hewa haisemi.