Tarehe ya Methodius na Jenereta la Chai ya Mama Mkwe

Njoni, enyi mnaoshuka basini na mifuko mikononi. Njoni, enyi wa Lawrence Heights huku Kanada, nanyi wa Scarborough mnaokaa juu ya ghorofa ya kumi mkiingoja lifti inayokuja ikipenda. Zilazeni simu zenu kifudifudi, mkae, mnisikilize! Sitawasimulia habari za wafalme. Wafalme wana watu wao wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nitawasimulia habari za Methodius, mwana wa Bukoba, Msoma Vipeperushi, Bwana wa Trela la Futi Kumi na Tisa, na jinsi alivyochagua jenereta. Nami nilikuwapo kwa macho yangu na kwa mgongo wangu, maana jenereta hilo nililibeba mimi hatua arobaini, na atakayesema natia chumvi na aje auulize mgongo.

Ikawa katika mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, kiangazi kilipokuwa kifupi kama kawaida yake, Methodius akanunua trela kwa mzee mmoja aliyechoka kusafiri. Lilikuwa na vitanda viwili na meza ya kukunja, na mahali pa jiko palikuwa na tundu, kwa kuwa jiko lenyewe mzee alikwisha kuling'oa. Likaegeshwa nyuma ya jengo letu, na siku tatu nzima watu walishuka kulitazama na kuligonga-gonga ubavuni, nao hawajui wanachokipima.

Lakini trela halikununuliwa kwa ajili ya kugongwa. Lilinunuliwa kwa sababu ya mtu mmoja, naye ni Mama Prudence, mama mzazi wa Domina, mke wa Methodius. Mama huyo alikuja kuwatembelea mwezi Mei, naye alilelewa katika heshima ya ukwe ile ya zamani: hasemi na mkwe wake wa kiume moja kwa moja. Chumvi ikiwa mbele ya Methodius, Mama humgeukia bintiye akasema, "Domina, mwambie mumeo anisogezee chumvi." Na Methodius, mkono wake ukiwa tayari juu ya chumvi, hungoja hadi Domina, muuguzi aliyetoka zamu na macho mekundu, aseme, "Mama anaomba chumvi." Hapo ndipo chumvi husogea.

Sasa heshima hiyo, kwao, ina mlango. Siku mama mkwe anaporidhika na mkwewe, humsemesha mwenyewe, na tangu siku hiyo mtu yule ni mwana wa nyumba. Mume wa dada yake Domina, mwenye duka la saruji kule Muleba, alisemeshwa mwaka wa pili tu. Methodius alikuwa mwaka wa kumi na mbili. Lilimuuma. Hakulisema mbele za watu, ila mimi aliniambia mara mbili tukiwa kwenye chumba cha kufulia, na mara ya pili alikuwa akizikunja soksi ambazo hazikuwa zake.

Na Mama alikuwa anaondoka Jumanne, baada ya ile wikendi ndefu ya Agosti, yenye Jumatatu ya mapumziko.

Basi Jumapili iliyotangulia wikendi hiyo, baada ya misa ya Kiswahili, watu wakila maandazi chini ya kanisa, Methodius akapanda juu ya kiti, akanena kwa sauti kuu:

"Waumini wenzangu! Mama huyu mnayemwona hajaiona Kanada, ameiona lifti. Naapa mbele ya masufuria haya kwamba kabla hajapanda ndege, atakaa kando ya ziwa, katika trela langu, naye atakunywa chai iliyochemshwa kwa umeme wa mkono wangu!"

Watu wakapiga makofi, na kina mama wawili wakapiga vigelegele. Mama Prudence akamgeukia bintiye. "Mwambie mumeo apunguze sauti," akasema.

Hapo adui wa kwanza akajitokeza. Nafasi zote za kambi zenye nguzo ya umeme zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa tangu theluji haijayeyuka, na watu wanaojua kupanga mambo yao, watu ambao shujaa wetu hakuwa mmoja wao. Iliyobaki ilikuwa na mti na meza ya mbao. Kwa hiyo umeme ulikuwa lazima uende nao.

Alhamisi jioni likaitishwa baraza la kuchagua jenereta. Alikuwapo Elkana, jirani yetu wa kutoka Eldoret, fundi wa kompyuta, Mwenye Pikapu, ambaye bila pikapu yake trela lisingetoka hata nyuma ya jengo. Methodius akatwaa kalamu, akaorodhesha majeshi yake: friji, birika, pasi, kiyoyozi, jiko la wali, televisheni, blenda, na chaja za simu nne. Akajumlisha. Wati elfu saba na mia mbili.

"Buda," akasema Elkana, "unajumlisha zote za nini? Utapiga pasi, ukisaga juisi, ukichemsha chai, saa moja? Si una mikono miwili tu?"

Methodius akasimama, na kivuli chake kikapanda ukutani hadi kwenye kalenda ya parokia.

"Elkana, mwana wa Eldoret, wewe hukuuonja mgao wetu! Kwetu umeme ukirudi hauulizwi umekuja kukaa muda gani. Umeme ukirudi, unawasha vyote! Pasi, redio, pampu ya maji, vyote, kabla hawajaukumbuka na kuuchukua tena. Ndivyo tulivyolelewa. Tena jenereta liwe la kusikika! Jenereta lisilosikika mtaa wa pili, nani atajua kama unalo?"

Elkana akanitazama mimi ili nimsaidie. Sikumsaidia. Ndugu zangu, niungame: mpaka leo, taa za jengo letu zikipepesa kidogo tu, mimi hukimbilia chaja.

Jumamosi asubuhi tukaondoka sote, Mama na Domina wakiwamo, trela likitufuata nyuma kwa utiifu, tukaingia katika duka moja kubwa la vifaa huko Richmond Hill. Methodius akamwendea muuzaji mmoja mrefu mwenye uso mwekundu. Kiingereza cha Methodius cha kazini hakina kasoro, lakini mambo ya umeme aliyajua kwa Kiswahili tangu utoto, akaonyesha mashine ya kwanza akauliza:

"This one, how many wati?"

"What?" akasema muuzaji.

"Yes. Wati."

"Sorry, what?"

"Wati! Wati!" akajibu Methodius, akifurahi kumpata mtu anayeishika mada. Wakaendelea hivyo kwa muda, kila mmoja akimwona mwenzake mjuzi zaidi, hata sauti ikatoka nyuma ya rafu za mipira ya maji:

"Bwana wee, yeye anakuuliza 'nini', na wewe unamjibu 'nini'. Mtafika saa ngapi? Karibuni huku."

Alikuwa mzee Mohamedali, mzaliwa wa Tanga, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, mfanyakazi wa duka hilo miaka mingi. Akatutoa hadi uani, akaziweka mashine mbili jua lizipige.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya magurudumu, ndefu kiasi cha kiuno cha mtu mzima: wati elfu saba na mia tano. Ya pili ilikuwa ndogo, ya mpini mmoja, ungedhani ni begi la mtu aendaye safari ya siku mbili: wati elfu mbili, na kwa kazi ya kudumu elfu moja na mia sita. Methodius hakuitazama ya pili. Alikuwa ameishika ile nyekundu shingoni.

Mohamedali akavuta kamba. Lo! Likanguruma Jekundu, Mtikisa Uani, Mfukuza Ndege, vioo vya duka vikaitikia, na mwanamke aliyekuwa akichagua maua akayaacha maua yake. Methodius alifumba macho, na usoni mwake nikaona kabisa kwamba amefika Bukoba, majirani wote wako gizani na yeye peke yake anang'aa. Alitabasamu. Kwa kweli nami nilitabasamu.

Ndipo nikamwona Mama Prudence. Alikuwa amebana sikio lake la kulia kwa kiganja, na midomo yake inakwenda, wala hapana aliyesikia neno. Domina akamsogelea, akainama, kisha akapiga kelele: "Azime! Mama anasema uzime!"

Likazimwa. Na katika ule ukimya Mama akasema maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu Mei.

"Domina, mwambie mumeo. Saluni yangu pale sokoni niliiendesha kwa jenereta kama hilo miaka kumi na minane. Lilikaa dirishani, upande wangu wa kushoto. Sikio la kushoto halisikii tena hata kengele ya kanisa. Sikumwambia mtu, hata wewe sikukwambia, ungeniletea madaktari. Nimebaki na hili moja. Mwambie hili nataka nirudi nalo nyumbani."

Domina alifungua kinywa apeleke ujumbe, kisha akashindwa. Mtu anayewauguza wagonjwa ishirini kwa siku alikuwa ameishi na mama yake miezi mitatu bila kugundua. Akaushika mkono wa mama yake.

Hapa, enyi wasikilizaji, ndipo vita kuu ilipopiganwa, na uwanja wake ulikuwa kifua cha mtu mmoja mwenye fulana ya mikono mifupi. Upande huu zilisimama wati elfu saba na mia tano, na fahari ya kusikika mtaa wa pili, na kiyoyozi, na blenda. Upande ule lilisimama sikio moja. Mkono wa Methodius ulikuwa bado juu ya Jekundu. Alilipapasa. Mohamedali alivaa miwani yake ili aone vizuri zaidi. Kisha vidole vya shujaa vikaachia, kimoja baada ya kingine, cha gumba kikiwa cha mwisho.

"Mzee Mohamedali," akasema, "washa hilo dogo."

Dogo likawashwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesali rozari chumba cha pili. Mama Prudence aliondoa kiganja sikioni. Akasikiliza, akaikagua mashine mbele na nyuma, akainusa petroli yake kama mtu wa kazi hiyo.

"Mwambie mumeo," akasema, "hilo lina adabu."

Saa tisa alasiri tulikuwa kambini, trela limesimama chini ya mti wake, ziwa mbele yetu, nami nimekwisha kulibeba jenereta zile hatua arobaini nilizozitaja. Methodius akalivuta kamba. Likaitika. Naye, ambaye Richmond Hill ilimshinda mkono ila haikumbadilisha damu, akaingia trelani na kuwasha vyote.

Taa nyekundu ya jenereta ikawaka, ishara ya kuzidiwa. Trela likanyamaza.

Akatoka, akavuta kamba tena, akaingia, akawasha vyote. Taa nyekundu. Elkana akataka kusema neno, nikamkanyaga mguu. Mara ya tatu jasho lilikuwa limeichora fulana ya Methodius mgongoni, na watu wa hema la jirani walikuwa wamegeuza viti vyao watutazame sisi badala ya ziwa. Nilimwonea huruma. Jumanne ilikuwa mlangoni, na chai ilikuwa bado maji baridi.

Mama Prudence akaguna kitini kwake.

"Domina, mwambie mumeo hapa hakuna mgao. Umeme ni wake mwenyewe, hauna pa kwenda. Azime friji, azime vyote, awashe birika peke yake. Likichemka, arudishe friji."

Domina akasema. Methodius akaingia. Tukasikia swichi zikizimwa, moja, mbili, tano, saba, na kila moja nilijua inamtoka rohoni. Kisha tukasikia moja ikiwashwa. Jenereta likakaza sauti kidogo, kama mtu anayenyanyua ndoo, wala halikuzimika. Tukangoja. Elkana alivua kofia. Dakika ya sita birika likaanza kuimba, na mvuke ukatoka dirishani kwa trela la Methodius ukaenda zake juu ya Kanada.

Akaleta chai yeye mwenyewe, kwa mikono miwili. Akasimama upande wa kulia wa Mama, hatua mbili, kwa adabu, akamwambia mkewe:

"Domina, mwulize Mama kama kelele za mashine zinamsumbua."

Domina alivuta pumzi aulize. Mama Prudence alikwisha kuonja. Akaiweka chai gotini, akainua uso.

"Mashine siisikii, Methodius," akasema. "Nakusikia wewe. Hii chai haina sukari. Nitafutie."

Domina, ambaye mdomo wake ulizoea kazi hiyo miaka kumi na miwili, akageuka kwa mumewe na kuanza, "Mama anasema—"

"Nimesikia," akasema Methodius.

Iandikwe basi, na iwekwe mahali pa tarehe kubwa, kwamba Jumamosi, tarehe mbili Agosti, elfu mbili na kumi na nne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Methodius wa Scarborough alitumwa sukari. Na sukari hatukuwa nayo. Tulikuwa tumebeba pasi, blenda na televisheni, sukari hakuna aliyeikumbuka. Shujaa akashika kikombe kitupu, akatembea hadi hema la kwanza, kifua mbele, akawaambia wale waliokuwa wakitutazama, "My mother-in-law has sent me. For sugar. She sent me herself." Wakamjazia kikombe, tele.

Akashukuru. Kisha akaenda hema la pili, na la tatu, na la nne, na kote akasimama akawaeleza aliyemtuma ni nani.