Kabati la Mama Mkwe na Sheria za Mwendo

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe anahamia kwetu Jumamosi. Kabati lake la mbao limetangulia. Limeziba sebule nzima. Mke wangu anataka liingizwe chumba cha nyuma, na akataka kumwita kaka yake, shemeji Mabega, mpakuzi wa magunia. Nikakataa katakata. Mabega ana misuli. Mimi nina kitabu cha fizikia cha binti yangu. Sura ya kani nimeimaliza! Karibu nimeimaliza.

Jumanne, 5 Machi

Adui ni msuguano. Nikamwaga maji ya sabuni kulizunguka kabati na korido nzima. Nikasukuma. Kabati kimya. Aliyeondoka ni mimi, kinyumenyume, hadi jikoni, miguuni pa mke wangu.

Binti akanieleza taratibu kwamba nikilisukuma kabati, nalo linanisukuma kwa kani ileile. Na kwamba miguu yangu pia ilihitaji msuguano. Nilikuwa najua. Lile lilikuwa jaribio.

Alhamisi, 7 Machi

Magurudumu! Nimeyafunga chini ya kabati, likawa linasogea kwa kidole. Nikamwita Mabega makusudi, aje ashuhudie. Nikarudi nyuma, nikalisukuma kwa nguvu zangu zote.

Likaingia korido vizuri sana. Likaupita mlango wa chumba cha nyuma. Likaendelea. Kitabu kinasema kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kani nyingine ikizuie. Mlango wa uani haukutosha. Banda la kuku lilitosha.

Kuku wazima. Mabega alicheka mpaka akakaa chini. Fizikia, hata hivyo, ilifanya kazi.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kafika mapema. Akalikuta kabati uani, limelala kifudifudi, mlango mmoja umeng'oka. Akalizunguka. Ndipo mke wangu akaninong'oneza kwamba lilinunuliwa na marehemu mume wa mama, mwaka walipooana. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe akauliza nani kalisukuma. Nikajitaja.

"Marehemu naye alilileta kwa mkokoteni," akasema. "Kwenye mteremko likampita."

Akacheka, akafuta machozi, akacheka tena. Kisha akaniita mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo. Mabega na jirani wakalibeba hadi chumbani, wakarudishia mlango. Mimi nikawaelekeza.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amelala salama. Kasikitika tu kwamba maji ya bafuni yanadondoka kinyonge, maana tangi liko chini. Mke wangu kasema fundi ataitwa. Nimeitikia kwa kichwa.

Sura inayofuata ni ya kapi, gurudumu la kunyanyulia mizigo kwa kamba. Kuna mchoro wa mtu mwembamba ananyanyua jiwe kubwa huku anatabasamu. Kamba nimeshaazima. Tangi limejaa, lakini kulimwaga ni kupoteza maji bure.

Nimeliangalia paa kutoka chini. Linaonekana imara.